Kusoma Riwaya Ngumu ya Distopia: Ugumu Wake Unatoka Wapi

Wasomaji wengi huanza riwaya ya distopia, yaani hadithi ya nchi ya kubuni yenye utawala unaowakandamiza watu, kwa hamu, kisha huiweka kando kabla ya kufika mbali. Sababu wanazozitoa hufanana. Idara na vyeo vinatajwa bila kuelezwa, historia ya nchi inayosimuliwa haijulikani, baadhi ya maneno hayamo katika kamusi yoyote, na msimulizi anazungumza kana kwamba kila mtu anafahamu anachokisema. Msomaji hujiona kuwa hana elimu ya kutosha, au humshutumu mwandishi kwa kujionyesha. Naamini hukumu zote mbili zinapita pembeni ya jambo lenyewe. Katika riwaya nzuri ya aina hii, ugumu ni sehemu ya habari inayosimuliwa: msomaji ananyimwa maelezo kwa sababu raia wa dola ile wananyimwa maelezo, na kuhangaika kwake kuunganisha vipande vya habari kunafanana sana na kuhangaika kwa mhusika anayemfuata. Akilitambua hilo, swali analojiuliza kila anapokwama hubadilika. Pamoja na kutafuta maana ya jambo, anaanza kuuliza ni nani katika dunia hii angelijua jambo hilo, na ni nani amezuiwa asilijue.

Ili kuona ugumu huu ulikoanzia, inafaa kurudi kwenye hadithi za nchi bora. Thomas More alipochapisha “Utopia” mwaka 1516, alimbuni msafiri aitwaye Raphael Hythloday, ambaye alikuwa ameishi katika kisiwa hicho na sasa anawasimulia wenzake jinsi watu wa huko wanavyokula, wanavyooana na wanavyofanya kazi saa sita tu kwa siku. Mpango huo wa mgeni na wenyeji wake ulitumiwa na waandishi kwa karne nyingi, kwa kuwa unamrahisishia msomaji kazi: kila asichokijua mgeni hukiuliza, na kila anachokiuliza hujibiwa. Riwaya kubwa za distopia za karne ya 20 zilimwondoa mgeni huyo. Anayesimulia amezaliwa ndani ya utawala huo au amefinyangwa nao, anaandika akiwa ndani ya kuta zake, na mara nyingi anaogopa. Aldous Huxley, katika “Brave New World” ya mwaka 1932, bado alibakiza sehemu ya utaratibu wa zamani, kwani kurasa za mwanzo zinamfuata mkurugenzi akiwatembeza wanafunzi katika kituo ambamo watoto hutengenezwa ndani ya chupa, na pamoja nao msomaji anapata darasa zima la jinsi jamii ile inavyoendeshwa. Ndiyo maana wengi humwona Huxley kuwa mwepesi kuingilika. Waandishi wengine hawakutoa msaada huo, au waliutoa kwa namna inayopotosha kwa makusudi.

Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote ni riwaya ya Yevgeny Zamyatin iitwayo “Sisi”, aliyoiandika kati ya mwaka 1920 na 1921. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli, na katika miaka ya 1916 na 1917 alikuwa Uingereza akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu kwa ajili ya Urusi. Riwaya yake haikuruhusiwa kuchapishwa nyumbani. Ilitoka kwanza kwa tafsiri ya Kiingereza mjini New York mwaka 1924, na ndani ya Muungano wa Kisovieti haikuchapishwa hadi 1988. Msimulizi wake, D-503, ni mwanahisabati anayeongoza ujenzi wa chombo cha angani. Anaandika daftari lenye maandishi 40 ambalo litapelekwa kwa wakazi wa sayari nyingine, ili nao wavutwe kuingia chini ya Dola Moja, utawala wa nchi yake. Kwa kuwa anawaandikia watu wasioijua nchi yake, D-503 anaeleza mambo mengi: majengo ya vioo, ratiba inayomwamsha kila mtu kwa dakika ileile, ukuta unaoitenga nchi na misitu. Msomaji anaweza kudhani amempata yule msafiri wa zamani. Hajampata, kwa sababu maelezo ya D-503 ni ya mtu anayeinadi serikali yake, na mambo anayoyaeleza kwa fahari ndiyo yale ambayo msomaji anapaswa kuyatilia shaka.

Kurasa za mwanzo za daftari hilo zinasomeka bila shida. Mwandishi wake anapenda mistari iliyonyooka na hesabu zinazogawanyika bila baki, na lugha yake inafanana na anachokipenda. Kisha anakutana na mwanamke aitwaye I-330, na lugha hiyo inaanza kupasuka. Sentensi zinakatika katikati na kuishia kwa nukta, mtu anaelezwa kwa umbo la pua au mdomo badala ya jina, ndoto na matukio vinaingiliana, na kipeuo cha pili cha hasi moja, kitu kilichomfanya alie utotoni shuleni kwa sababu hakikubali kuingia katika mpangilio wa namba anazozijua, kinarudi tena na tena kumtesa. Hapo ndipo wasomaji wengi huacha kusoma wakisema hawaelewi kinachotokea. Kwa kweli D-503 mwenyewe haelewi. Daktari amemwambia kwamba ameanza kuwa na roho, maradhi yasiyo na tiba, na hana maneno ya kusimulia hali hiyo kwa kuwa nchi yake iliyafuta maneno hayo zamani. Kila sentensi iliyovunjika ni mahali ambapo mtu anahisi kitu na lugha aliyopewa haikibebi.

Mtu anayesoma kwa uvumilivu hadi andiko la mwisho atakuta jambo la kutisha kuliko matukio yote ya vurugu yaliyotangulia. D-503 amefanyiwa upasuaji unaoondoa uwezo wa kuwaza mambo yasiyokuwepo. Anaitazama miandiko ya nyuma, anaitambua kuwa ni yake, lakini hisia zilizomo hazitambui hata kidogo. Anakaa kando ya kiongozi wa nchi akimwangalia I-330 akiteswa, na anaripoti anachokiona kwa maneno machache, safi, yaliyopangwa vizuri. Ni mojawapo ya kurasa rahisi kuliko zote katika kitabu kizima. Msomaji aliyekuwa akitamani msimulizi aandike kwa uwazi amekipata alichokitamani, na anajua kimepatikana kwa gharama gani.

Nimekaa sana kwenye riwaya hii kwa sababu inafundisha kanuni ya kusoma inayofaa karibu kila mahali katika fani hii: ugumu na wepesi wa lugha ni matukio ya hadithi, na yanapaswa kufuatiliwa kama vile tunavyofuatilia kukamatwa kwa mtu au kifo. Ukiona ukurasa umekuwa mzito ghafla, simama uangalie ni nini kilichotokea kabla yake. Ukiona umekuwa mwepesi ghafla, angalia zaidi. Alama ndogo pembeni ya ukurasa, mahali ambapo mwendo wa lugha umebadilika, humsaidia msomaji kuliko muhtasari mrefu wa matukio, kwa sababu muhtasari unaweza kupatikana popote lakini mabadiliko hayo huonekana tu kwa anayesoma sentensi zenyewe.

Lipo pia tatizo la vitu visivyoelezwa kabisa. Hapa kosa la kawaida ni kutaka jibu mapema. Katika “The Handmaid's Tale”, aliyoichapisha Margaret Atwood mwaka 1985, mwanamke anayesimulia anaeleza chumba alichopewa: kitanda, picha isiyo na kioo, dirisha linalofunguka kidogo tu na ambalo kioo chake hakivunjiki, na katikati ya dari alama ya lipu mahali palipokuwa pameshikizwa taa ya kuning'inia. Anasema vitu vyote vinavyoweza kufungiwa kamba vimeondolewa. Hatamki neno la kujiua, na hatuambii bado ni nani aliyelala humo kabla yake. Msomaji anayekimbilia kuuliza cheo chake kinamaanisha nini na serikali hii iliingiaje madarakani atapitwa na chumba, na chumba ndicho kilichobeba habari. Kutokana na vile vilivyoondolewa tunajua kwamba watu wamejaribu kufa humo, kwamba utawala unauhitaji mwili wa mwanamke huyu ukiwa hai, na kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuyapima hayo yote akilini mwake. Taarifa za mapinduzi, sheria na vyeo zitakuja baadaye, zikiwa zimetawanyika, na nyingine hazitakuja kamwe.

Kwa hiyo nashauri msomaji aweke orodha ya pekee, si ya mambo asiyoyaelewa, maana hiyo itamvunja moyo, bali ya mambo ambayo msimulizi anayaona kuwa ya kawaida. Mtu akipita penye miili iliyotundikwa ukutani na kuzungumzia hali ya hewa, utulivu wake unatuonyesha amekaa muda gani chini ya utawala huo na umemfanya nini. Orodha hiyo ikifika mambo kumi hivi, umbo la nchi nzima huanza kuonekana bila mtu yeyote kulieleza. Wasiwasi wa kutojua unabaki, na unapaswa kubaki, kwa kuwa wahusika wanaishi nao. Lakini unakuwa wasiwasi wenye mwelekeo.

Ugumu wa msamiati ni wa aina nyingine, na unamgusa kwa namna ya pekee msomaji wa Kiswahili ambaye mara nyingi husoma riwaya hizi kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Msomaji wa namna hiyo akikutana na neno asilolijua huchukulia kwamba upungufu ni wake, hufungua kamusi, hulikosa neno, na hukata tamaa. Anayesoma kwa lugha aliyozaliwa nayo yuko katika hali ileile, ila hana mtu wa kumlaumu isipokuwa mwandishi. Anthony Burgess, katika “A Clockwork Orange” ya mwaka 1962, alimpa kijana wake Alex lugha ya vijana wa mtaani ambayo maneno yake mengi yamechukuliwa kutoka Kirusi na kuvishwa sauti za Kiingereza. Wasomaji wa Uingereza wa mwaka huo hawakuwa na namna ya kuyajua. Walichoweza kufanya ni kusoma tu, na baada ya kurasa kadhaa neno lililorudiwa katika mazingira tofauti lilijieleza lenyewe.

Burgess alieleza baadaye kwamba alilikusudia hilo. Riwaya yake inahusu kijana mkatili ambaye serikali inambadilisha kwa nguvu, kwa kumfunga kitini na kumwonyesha picha za kutisha hadi mwili wake uchukie ukatili bila yeye kuchagua. Msomaji naye, bila kuombwa ridhaa, anafundishwa maneno ya Kirusi kwa kurudiarudia hadi yanakaa kichwani. Kitabu kinachozungumzia kuchezewa akili kinamfanyia msomaji kazi hiyo kwa kiwango kidogo. Kuna athari nyingine inayosumbua zaidi: maneno mageni hufunika ukatili wa Alex, na kabla msomaji hajajua anachokisoma amekwisha kufurahia mdundo wake. Lipo toleo la Marekani lililoongezewa mwishoni orodha ya maana za maneno. Anayeitumia katika usomaji wa kwanza anajiondoa katika jaribio zima, kwa kuwa anapata maana za maneno na kukosa ule mtego wa kuzizoea polepole. Ningemsihi aiache hadi atakapomaliza.

Russell Hoban alikwenda mbali zaidi katika “Riddley Walker”, iliyotoka mwaka 1980. Mambo yanatokea Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, zaidi ya miaka elfu mbili baada ya maangamizi ya nyuklia, na anayesimulia ni mvulana wa miaka kumi na miwili anayeandika Kiingereza kilichomomonyoka, chenye tahajia inayofuata sikio. Macho pekee hayatoshi kukisoma; lazima mtu asome kwa sauti, au angalau ayasikie maneno ndani ya kichwa chake, ndipo maneno ya zamani yajitokeze kutoka ndani ya yale yaliyoharibika. Hoban alisema kwamba lugha hiyo inampunguzia msomaji mwendo hadi alingane na kasi ya Riddley ya kuelewa mambo. Kauli hiyo inastahili kuchukuliwa kwa uzito. Anayelalamika kwamba kurasa kumi zimemchukua muda ambao kwa kawaida angesoma hamsini hajashindwa. Anasoma kwa mwendo uliokusudiwa, na kitabu cha namna hiyo kinafaa kupangiwa muda wake badala ya kubanwa kati ya vitabu vingine.

Ndani ya riwaya hiyohiyo kuna onyo juu ya kosa la upande wa pili, nalo ni kusoma kila kitu kama fumbo. Goodparley, mmoja wa watawala wa dunia ile iliyoporomoka, anayo karatasi ya zamani inayoeleza mchoro wa Mtakatifu Eustace ulioko katika kanisa kuu la Canterbury. Kwetu sisi maandishi hayo ni maelezo ya kawaida ya mchoro wa ukutani, ya aina ambayo mgeni hupewa anapozuru kanisa. Goodparley, ambaye anatafuta siri ya nguvu walizokuwa nazo watu wa kale, anaamini kwamba kila sentensi imeficha dokezo la kemia, na anaifafanua yote kwa ustadi na kwa makosa makubwa. Mtu huyu ana akili na bidii. Tatizo lake ni kwamba alikwisha kuamua anachokitafuta kabla ya kuanza kusoma. Wasomaji wa distopia hufanya vivyo hivyo wanapotaka kila mhusika awe mwanasiasa fulani wa kweli na kila wizara iwe ofisi fulani wanayoijua. Baadhi ya riwaya hujengwa hivyo kwa makusudi, lakini katika nyingi ufunguo mmoja haufungui milango yote, na anayeulazimisha huharibu kufuli. Jambo hili wanalijua pia waliosoma “Nagona” (1990) na “Mzingile” (1991) za Euphrase Kezilahabi, riwaya fupi mno ambazo mahali na wakati wake havishikiki, na ambazo humsumbua zaidi yule anayetaka kila taswira iwe na tafsiri moja iliyofungwa.

Kikwazo kingine kikubwa ni maandishi yaliyowekwa ndani ya riwaya. Katika “1984” ya George Orwell, iliyochapishwa Juni 1949, hadithi inasimama ghafla ili Winston Smith, mhusika mkuu, asome kitabu kilichopigwa marufuku, kinachosemekana kuandikwa na Goldstein, adui mkuu wa Chama kinachotawala nchi. Kurasa nyingi zinakwenda kwa maelezo ya vita vya kudumu, matabaka ya jamii na uchumi wa uhaba, kwa lugha ya kitaaluma isiyo na mazungumzo wala tukio. Wengi huziruka. Klabu moja kubwa ya vitabu ya Marekani ilimtaka Orwell aondoe sehemu hiyo pamoja na kiambatisho cha mwisho, naye akakataa ingawa kukataa kwake kungeweza kumkosesha fedha nyingi.

Kwa nini alikataa? Jibu limo katika mambo matatu ambayo anayeruka hawezi kuyaona. La kwanza, Julia, mpenzi wa Winston, analala usingizi wakati Winston akimsomea, na Orwell hamdharau kwa hilo. Upinzani wa Julia ni wa mwili na wa siku kwa siku, wala hauhitaji nadharia, ilhali Winston ana njaa ya kujua kwa nini. La pili, kitabu kile kinaeleza vizuri jinsi utawala unavyofanya kazi, na pale tu kinapokaribia kusema sababu ya yote, Winston anaacha kusoma. Sababu hiyo ataambiwa baadaye, akiwa katika mateso, na anayemwambia ni O'Brien, ofisa wa Chama. La tatu, O'Brien anadai kwamba yeye ni mmoja wa walioshiriki kukiandika kitabu hicho. Ikiwa anasema kweli, basi maelezo bora kuliko yote ya utawala yaliyomo katika riwaya yalitungwa na utawala wenyewe kwa ajili ya kuwanasa watu kama Winston. Ikiwa anadanganya, hatuna njia ya kulithibitisha hilo. Msomaji aliyezisoma zile kurasa ngumu kwa makini na kuziamini anajikuta katika shimo lilelile alilotumbukia Winston, na hajui tena katika yale aliyojifunza ni lipi la kushika. Aliyeziruka amepumzika, lakini usaliti huo haujamfikia.

Kiambatisho cha riwaya hiyo nacho kina mambo yake. Kinaeleza lugha rasmi ya utawala, jinsi maneno yalivyopunguzwa ili mawazo ya uasi yakose mahali pa kukaa, na kimeandikwa kwa wakati uliopita, kama historia ya jambo lililokwisha. Tanbihi iliyomo katika sura ya kwanza kabisa, inayomwelekeza msomaji kwenye kiambatisho hicho, nayo inatumia wakati uliopita. Nani anaandika? Anaandika lini, na kwa nini anaandika kwa lugha pana ambayo Chama kilipanga kuifuta kufikia mwaka 2050? Wapo wanaosema kwamba huo ndio ushahidi pekee wa kuanguka kwa Chama, na wapo wanaosema ni desturi tu ya uandishi wa maelezo. Mimi naegemea upande wa kwanza, kwa sababu Orwell alikitetea kiambatisho hicho kisikatwe, lakini nakubali kwamba maandishi yenyewe hayatoi hukumu ya mwisho.

Atwood aliitumia nafasi hiyo ya mwisho kwa uwazi zaidi. Baada ya simulizi la mwanamke kukoma, tunahamishiwa kwenye mkutano wa wasomi wa mwaka 2195, ambapo Profesa Pieixoto anaeleza kwamba tulichokisoma kilikuwa kanda za sauti, takriban thelathini, zilizokutwa ndani ya sanduku, na kwamba yeye na mwenzake ndio waliozipanga kwa kukisia mfuatano wake. Taarifa hiyo inaigusa kila sura iliyotangulia. Mfuatano tuliouchukulia kuwa wa msimulizi ni kazi ya wanaume wawili walioishi karibu karne mbili baadaye. Zaidi ya hayo, profesa huyo anafanya mizaha juu ya mateso ya mwanamke, na anasikitika kwamba hakusema mengi kuhusu wakubwa wa serikali, kana kwamba maisha yake mwenyewe hayakuwa habari. Mwanamke alikuwa amekwisha kukiri mara kadhaa kwamba anachosimulia ni ujenzi mpya wa kumbukumbu. Kuhusu hatima ya mumewe, Luke, alitoa matoleo matatu yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, akasema anayaamini yote. Msomaji anayetaka kujua lipi ni la kweli anauliza swali la profesa. Swali la mwanamke lilikuwa jingine: mtu asiye na habari za mpendwa wake ataishi vipi hadi kesho.

Je, inabidi kuijua historia ya wakati wa mwandishi kabla ya kusoma? Kidogo tu, na inafaa ije baada ya usomaji wa kwanza. Katika “Sisi”, kwa mfano, D-503 anamsifu Taylor kuwa mwerevu kuliko watu wote wa kale. Huyo ni Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyefariki mwaka 1915, aliyepima kwa saa kila mwendo wa mfanyakazi kiwandani ili kuondoa upotevu wa muda. Anayelijua hilo anaona mara moja kwamba Zamyatin hakuwa anauandama utawala wa Urusi peke yake; alikuwa anautazama pia utaratibu wa viwanda uliopendwa na mabepari na wanamapinduzi kwa pamoja. Ukweli mmoja wa namna hiyo una faida kuliko sura nzima ya wasifu. Atwood naye ameeleza mara nyingi kwamba alijiwekea sharti la kutoingiza katika kitabu chake jambo lolote ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani katika historia. Sharti hilo linatuonyesha pia kwa nini ni kosa kuzisoma riwaya hizi kama utabiri na kuzihukumu kwa kuhesabu yaliyotimia. Malighafi yake ni mambo yaliyokwisha kutokea.

Uzito wa maumivu yaliyomo nao ni ugumu, na haupaswi kubezwa. Kuna kurasa za mateso katika “1984” na za ubakaji katika “A Clockwork Orange” ambazo mtu anaweza kushindwa kuziendeleza kwa sababu ya yale aliyoyapitia mwenyewe, na hana haja ya kumwomba mtu radhi akifunga kitabu. Kwa anayeendelea, nadhani ni afadhali kuzisoma sehemu hizo kwa vipande vifupi na kusimama mwishoni mwa sura, si katikati ya tendo. Anayesimama katikati hubaki na picha ya kitisho peke yake, wakati aliyefika mwisho wa sura amekwisha kuona pia mhusika alifikiri nini baada yake.

Limebaki jambo la matoleo, dogo kwa sura lakini linaloweza kugeuza maana yote. Dibaji nyingi za riwaya hizi zimeandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuzisoma, na hutaja mwisho bila kusita, kwa hiyo ni bora zisomwe mwisho. Tofauti nyingine ziko ndani ya maandishi yenyewe. Burgess aliipa “A Clockwork Orange” sura 21, akiwa amelenga umri ambao mtu huhesabiwa kuwa mzima, na katika sura ya mwisho Alex anaanza kuchoshwa na ukatili kwa hiari yake, bila dawa wala kitanzi cha serikali. Mchapishaji wa Marekani aliiacha sura hiyo, na kitabu kikasomwa huko bila sura hiyo hadi mwaka 1986. Filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1971 nayo ilifuata mwisho huo mfupi. Watu wawili waliosoma riwaya hii wanaweza kubishana usiku kucha kama binadamu anaweza kubadilika mwenyewe, kumbe kila mmoja ameshika kitabu tofauti. Kabla ya kuanza, hesabu sura za nakala uliyonayo: iliyo kamili imegawanywa katika sehemu tatu, na kila sehemu ina sura saba.